Ramani nyeusi ya korona: tathmini ya chombo tulichokitazama tukiwa tumefungiwa ndani

Miongoni mwa vitu nilivyovitumia kila siku tulipopigwa marufuku kutoka nje mwaka 2020, hakuna nilichokishika mara nyingi kuliko ramani ya virusi vya korona ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Kitana changu kilipata mapumziko marefu, kwa kuwa hapakuwa na wa kunitazama, lakini ramani ile niliifungua asubuhi kabla ya kunawa uso, mchana nilipochoka kazi, na usiku saa ambazo mtu mwenye busara huwa amekwisha kulala. Ilikuwa ya bure, tena haikudai nijisajili. Baada ya kuitumia kwanza kwa hofu, kisha kwa kinyongo, na hatimaye kwa utulivu, naona inastahili kutathminiwa kama chombo kingine chochote kinachowekwa mikononi mwa watu: inafanya nini vizuri, inapotosha wapi, na mtu wa kawaida aitumieje bila kupoteza usingizi.

Nianze na sifa, kwa sababu ni kubwa. Ramani ilifunguliwa kwa umma tarehe 22 Januari 2020, siku nane kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura ya kimataifa ya afya ya umma, na wiki saba kamili kabla ya mkuu wa shirika hilo kuuita ugonjwa huo janga la dunia tarehe 11 Machi. Walioiunda ni Profesa Lauren Gardner na mwanafunzi wake wa uzamivu, Ensheng Dong, na hapo mwanzo takwimu zilikuwa zikiingizwa kwa mkono, mara kadhaa kwa siku. Wakati kila serikali ilikuwa ikitoa taarifa kwa mtindo wake na kwa saa yake, wao walizikusanya mahali pamoja, na data yenyewe wakaiachia huru ili yeyote aipakue na kuikagua. Jambo hili la mwisho nalipa uzito kuliko yote, kwa kuwa muuza hofu hakuonyeshi daftari lake hata siku moja, ilhali hawa waliliacha wazi mezani. Mwaka 2022 Gardner alipewa tuzo ya Lasker, tuzo ya Marekani ya kazi za tiba na afya ya umma, kwa kazi hiyo, nami sina ubishi na waliompa.

Hata hivyo, kukusanya vizuri ni jambo moja na kuonyesha vizuri ni jambo jingine. Mandhari ya ramani ni nyeusi kama usiku usio na mwezi, na juu yake yametapakaa maduara mekundu. Kushoto, kwa tarakimu kubwa nyekundu, iko jumla ya walioambukizwa duniani. Kulia iko jumla ya waliofariki. Huhitaji kusoma hata neno moja ili utambue kwamba kuna jambo la kutisha. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na hapa palikuwa na jambo kweli, tena zito, wala simwamini anayesema vinginevyo. Ila mbiu hulia kwa sauti ileile, adui awe mmoja au elfu, awe amefika mlangoni au bado yuko ng'ambo ya mto, na ukubwa wa jambo ni lazima uuulizie kwa aliyetoka huko. Wekundu juu ya weusi ulikuwa mbiu ya namna hiyo. Uliniamsha, ukaendelea kuniamsha kila siku kwa nguvu ileile, hata siku ambazo hapakuwa na jipya.

Kasoro ya msingi, na hapa nitakaa kidogo, ni kile duara lilichokuwa likipima. Ukifungua ramani katika miezi ile ya kwanza, duara lililojitokeza lenyewe lilionyesha jumla ya maambukizi yote yaliyothibitishwa tangu mwanzo, wala halikuonyesha walioambukizwa siku hiyo au wiki hiyo. Jumla ya tangu mwanzo haina njia ya kushuka. Mahali panaweza kukaa miezi bila mgonjwa mpya na duara lake likabaki pana na jekundu, kovu lililochorwa kwa rangi ya kidonda kibichi. Tarehe 8 Aprili 2020 mji wa Wuhan nchini China ulifunguliwa baada ya siku 76 za kufungwa, kwa sababu maambukizi yalikuwa yamekaribia kwisha, lakini duara la Hubei, mkoa uliko mji huo, halikuwa limepungua hata kwa unene wa uzi.

Nililielewa jambo hili kupitia shangazi yangu, ambaye alikuwa akiitazama ramani hiyohiyo kwenye simu ya binti yake. Mwanzoni mwa mwezi huo wa Aprili jumla ilipovuka milioni moja, alinipigia jioni akisema, kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, kwamba watu milioni moja wameugua leo.

"Leo, shangazi?" nikamuuliza.

"Si wameandika hapa, mwanangu, na tarehe wameweka, na saa wameweka."

Saa aliyoiona ilikuwa ya mara ya mwisho takwimu ziliposahihishwa. Nilimweleza kwamba hiyo ni hesabu ya tangu ugonjwa ulipoanza kuhesabiwa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo waandaaji wote wa takwimu wangepaswa kulibandika ukutani: "Sasa ya leo iko wapi?" Ilikuwapo. Chini kabisa, pembeni ya grafu, palikuwa na kichupo kidogo cha kubofya, cha kuonyesha ongezeko la kila siku, lakini ilinichukua dakika nzima kukipata mimi niliyekuwa nikiifungua ramani mara tatu kwa siku. Takwimu ambayo mtu aliyefungiwa ndani anaihitaji zaidi, yaani kama mambo yanapanda au yanashuka, ilikuwa imefichwa, na ile inayomfaa mwanahistoria ndiyo iliyowekwa mlangoni kwa herufi za ukutani.

Maduara yalikuwa na udhaifu mwingine wa kichoraji tu. Marekani ilipoanza kuonyeshwa kaunti kwa kaunti, nchi hiyo ilijaa madoa mithili ya mgonjwa wa surua, ilhali nchi nyingine zenye mamilioni ya watu zilibaki na duara moja katikati. Mtazamaji aliyefungua ramani kwa haraka angedhani tofauti hiyo yote ni ya ugonjwa, kumbe sehemu yake ni ya jinsi data ilivyogawanywa. Aidha, hesabu kamili bila kulinganishwa na idadi ya watu huwafanya wengi waonekane wagonjwa zaidi na wachache waonekane salama, ingawa katika nchi ndogo huenda mtu mmoja kati ya wachache sana ameambukizwa. Vipimo vya uwiano viliongezwa baadaye kwenye vichupo, lakini macho hufuata kinachofunguka chenyewe.

Ubaya zaidi ulitokea pale ramani ilipokutana na programu ya habari niliyokuwa nayo kwenye simu, ambayo sitaitaja jina. Programu hiyo ilikuwa na mazoea ya kunitumia ujumbe wenye neno "rekodi" kila jumla ilipopanda, kana kwamba jumla ya tangu mwanzo inaweza kukosa kuvunja rekodi yake yenyewe. Nilianza kuandika katika daftari la shule kila tangazo la namna hiyo na kulifuatilia siku chache baadaye. Kazi hiyo ya kizee ilinifundisha kuliko ramani yenyewe.

Nilijifunza kwamba namba inayoruka ghafla mara nyingi hueleza habari za wahesabuji kabla ya kueleza habari za virusi. Tarehe 13 Februari 2020 mkoa wa Hubei ulitangaza maambukizi mapya 14,840 kwa siku moja, wakati siku iliyotangulia yalikuwa chini ya 2,000. Kwenye grafu mstari ulisimama wima kama mnazi. Kilichotokea ni kwamba mkoa ulikuwa umebadili kanuni ya nani ahesabiwe, ukaanza kuwajumuisha waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu bila kusubiri maabara. Hao peke yao walikuwa 13,332, na wengi wao walikuwa wameugua kabla ya siku hiyo. Tarehe 17 Aprili Wuhan iliongeza vifo 1,290 kwenye hesabu yake kwa mkupuo mmoja, vikafika 3,869, navyo vilikuwa vifo vya wiki zilizopita ambavyo havikuwa vimeandikwa. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo Uingereza ilitangaza maambukizi 22,961 kwa siku moja, na vichwa vya habari vikapiga yowe, kumbe matokeo 15,841 ya kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba yalikuwa yameachwa nje ya hesabu kwa sababu faili za Excel za muundo wa zamani zilikuwa zimejaa na hazikuweza kupokea mistari zaidi. Dunia ilikuwa ikihesabu janga lake kwa jedwali lililojaa, jambo linalochekesha mpaka ukumbuke kwamba watu waliokutana na wagonjwa wale hawakuarifiwa kwa wakati.

Kuna pia mwendo wa juma, ambao ukishauona huwezi tena kutouona. Ofisi nyingi hupungukiwa wafanyakazi mwishoni mwa juma, kwa hiyo vifo vinavyotangazwa Jumapili na Jumatatu huwa vichache, kisha Jumanne au Jumatano malimbikizo huwasili pamoja. Aliyefuata ramani siku kwa siku alifarijika bure mwanzoni mwa wiki na kutishika bure katikati yake. Wala tusisahau kwamba vifo hufuata maambukizi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tarakimu ya kulia na tarakimu ya kushoto hazikuwa zikizungumzia watu wa wakati mmoja.

Tarakimu hizo mbili zilipowekwa ana kwa ana ziliwashawishi watu kugawanya. Nami niligawanya. Tarehe 3 Machi 2020 mkuu wa Shirika la Afya Duniani alisema kwamba asilimia 3.4 hivi ya wagonjwa waliokuwa wameripotiwa walikuwa wamefariki, na ndani ya saa chache neno "walioripotiwa" likadondoka njiani, ikabaki kwamba kila watu 100 watakaoambukizwa watakufa watatu na kitu. Wakati ule katika nchi nyingi waliopimwa walikuwa hasa wale waliofika hospitalini hali yao ikiwa mbaya, na aliyekohoa nyumbani siku nne akapona hakuingia popote. Ukipunguza kigawanyo kwa namna hiyo, jibu lazima livimbe. Kulikuwa pia na tarakimu ya kijani ya waliopona, ambayo ilitumiwa vibaya zaidi, kwa kuwa wapo waliogawanya vifo kwa jumla ya waliokufa na waliopona, wakapata asilimia za kumfanya mtu aandike wosia, ilhali nchi nyingi hazikuwa zikihesabu waliopona nyumbani. Waandaaji waliiondoa tarakimu hiyo mwaka 2021, na nawapongeza, ingawa wangeiondoa mapema zaidi wangetuokolea usiku mwingi.

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kwamba namwambia ugonjwa ulitiwa chumvi. Hapana, na ni lazima niseme kwa nini, kwa sababu nimewaona jamaa walioanza kwa kuhoji takwimu kwa haki wakaishia kukataa kwamba kuna mgonjwa. Mwezi Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio ya vifo vya ziada, yaani tofauti kati ya waliokufa kwa sababu yoyote na wale ambao kwa kawaida wangetarajiwa kufa, na kwa miaka ya 2020 na 2021 makadirio hayo yalifika milioni 14.9, wakati vifo vya korona vilivyokuwa vimeripotiwa kwa miaka hiyo vilikuwa milioni 5.4 hivi. Maana yake ni kwamba tarakimu ya kulia, ileile iliyonikosesha usingizi, ilikuwa pungufu kuliko hali halisi. Ramani ilinitisha kuhusu mambo yasiyokuwapo, kama ule mruko wa siku moja, na papo hapo ikanificha ukubwa wa msiba wenyewe. Anayepima taarifa kwa uangalifu hupata jibu linaloshuka siku moja na linalopanda siku nyingine. Akiona majibu yake yote yanashuka, aanze kujishuku.

Kwa jambo moja ramani ilikuwa na adabu kuliko wenzake: haikutabiri. Tarehe 16 Machi 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa ripoti iliyosema kwamba kungeweza kutokea vifo 510,000 Uingereza na milioni 2.2 Marekani endapo hakuna hatua yoyote itakayochukuliwa na watu wasibadili mwenendo wao. Lile "endapo" ndilo lililobeba ripoti, na ndilo lililoachwa na waandishi wengi waliotaka namba ya kichwa cha habari. Miezi baadaye, baada ya hatua kuchukuliwa, wakaja wengine kuwacheka watafiti kwamba vifo hivyo havikufika, nao wakiwa wameruka neno lilelile. Ramani ilikwepa mtego huu kwa kubaki na yaliyoripotiwa tu.

Niliilinganisha pia na ukurasa wa Our World in Data, ulio chini ya watafiti wenye makao Oxford, ambao kwa mtu wa kawaida niliuona kuwa bora zaidi. Huko unapewa wastani wa siku saba, unaomeza yale mabonde ya Jumapili. Unapewa idadi kwa kila watu milioni moja, inayowezesha nchi ndogo na kubwa kukaa meza moja. Na rangi zake hazikupigii kelele. Udhaifu wake ni kwamba una milango mingi, na mgeni anaweza kuchagua kipimo cha logi bila kujua, ambacho kila hatua yake ni mara kumi ya iliyotangulia, akaona mlima mkali kama kilima cha kutembelea. Nilimtumia shangazi kiungo cha ukurasa huo, naye akarudi kwenye ramani nyeusi baada ya siku mbili kwa maelezo kwamba ile anaizoea.

Ushauri wangu kwa mtumiaji, endapo siku za namna ile zitarudi, ni kuifungua ramani ya aina hii mara moja kwa wiki, siku ileile, ikiwezekana Alhamisi au Ijumaa wakati malimbikizo yamekwisha kuingia. Nilipohamia utaratibu huo sikupitwa na jambo lolote lililobadili maisha yangu: barakoa niliivaa, mikono niliiosha, wageni sikuwapokea, na hakuna hata moja kati ya hayo lililotegemea tarakimu ya saa tatu usiku. Uamuzi ambao namba haiwezi kuubadili hauhitaji kukaguliwa mara tatu kwa siku. Nilichopata badala yake ni kwamba habari za kawaida za sayansi, ambazo hazikuwa na duara kwenye ramani, zilianza kupata nafasi. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na siku hiyo ramani ilionyesha wekundu uleule wa jana.

Kwa mtafiti, mwandishi wa habari mwenye subira, au mwalimu anayetaka data ghafi, naipa nyota tano bila kusita. Kwa mtu aliyefungiwa chumbani na simu moja na mawazo mengi, naipa mbili na nusu. Nusu hiyo ni ya uungwana wa kurekebisha makosa hadharani, kwa kuwa kila walipobadili chanzo au kanuni walieleza.

Ilisitisha kukusanya takwimu tarehe 10 Machi 2023, miezi miwili hivi kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei, lakini kumbukumbu yake bado inafunguka. Nimeifungua tena kabla ya kuandika tathmini hii. Maambukizi yamesimama kwenye zaidi ya milioni 676, na vifo kwenye milioni 6.9 hivi. Katika sura ile ya mwisho, waandaaji walikuwa wameongeza mstari mwingine chini ya jumla hizo, wa maambukizi na vifo vya siku 28 zilizopita, kwa tarakimu zinazoonekana bila kutafuta kichupo. Nilimpigia shangazi nikamwambia kwamba ile hesabu aliyokuwa akiiulizia waliiweka.

"Waliiweka lini?" akauliza.

Nikamwambia, karibu na mwisho.

"Haya," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.